UZI: Aleksandria (Misri) kwa siku 3: mjini, safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na mitego yake

#1 Mtembezi_Tanga

Wakuu, habari za wakati huu. Tuko wanne, tunatokea Cairo, tutakuwa Aleksandria katikati ya Novemba, Jumatano hadi Ijumaa. Malazi ya usiku 2 tumepata karibu na kituo cha Raml. Ratiba ya awali hii hapa, ipigeni nyundo bila huruma:

Jumatano: treni ya asubuhi, Ngome ya Qaitbay, Maktaba, makaburi ya chini ya ardhi ya Kom el Shoqafa, Nguzo ya Pompey, Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi, bustani za Montaza.
Alhamisi: Rashid asubuhi, El Alamein mchana.
Ijumaa: Abu Mena, jioni treni ya Cairo.

Mmoja wetu ana matatizo ya magoti. Kiarabu tunajua cha salamu tu. Saa zote naandika za Kiswahili.

#2 JiweLaKusagia

Hiyo Alhamisi haipo, mkuu. Rashid iko mashariki, kama km 65. Alamein iko magharibi, km 106. Toka moja hadi nyingine ni zaidi ya km 170, na katikati lazima uvuke jiji lenye watu zaidi ya milioni 5. Novemba jua linazama saa 11 jioni. Chagua moja.

#3 KondaktaMstaafu

Nianze na usafiri, maana siku nyingi za Aleksandria huharibikia barabarani.

Treni inatoka Ramses, Cairo. Ya haraka huchukua saa 2 na nusu hadi 3, nyingine hubishana na saa 4. Ukiambiwa "treni ya kiyoyozi" uliza ni ipi: Talgo ndiyo mpya na nadhifu kuliko zote, halafu zile za VIP, halafu mabehewa ya Kirusi ya daraja la tatu yenye kiyoyozi, ambayo ni rahisi na yanakaa watu wengi. Mgeni hatozwi nauli sawa na raia. Pasipoti iwe mkononi dirishani.

Kata ya kurudi siku hiyohiyo unayokata ya kwenda. Mapumziko ya wiki ya Misri ni Ijumaa na Jumamosi, hivyo Alhamisi jioni treni za kwenda Aleksandria hujaa, na mwisho wa wiki zile za kurudi Cairo zinafurika.

Tiketi nyingi zina namba za Kiarabu, na ubavuni mwa behewa ni hivyohivyo. Hapa ndipo watu hukalia viti vya wenzao. Jifunzeni hizi kabla ya safari: ١ ni 1, ٢ ni 2, ٣ ni 3, ٤ ni 4, ٥ ni 5, ٦ ni 6, ٧ ni 7, ٨ ni 8, ٩ ni 9, na sifuri ni nukta tu ٠. Zinazodanganya ni mbili: ٥ macho yako yataisoma sifuri, na ٦ utaisoma 7. Namba husomwa kushoto kwenda kulia kama zetu, hata pale maneno yanapokwenda kulia kwenda kushoto.

Vituo Aleksandria ni viwili. Cha kwanza ni Sidi Gaber, na nusu ya behewa itasimama na kushusha mabegi. Msiwafuate. Nyie mnalala Raml, kwa hiyo kaeni hadi mwisho wa reli, Mahattat Misr. Toka hapo hadi Raml ni kama km 1 kwa miguu kupitia mtaa wa Nabi Daniel, wenye vibanda vya vitabu vya mitumba.

Mjini kuna usafiri wa aina tatu unaofaa. Teksi ni za njano na nyeusi. Mita zipo, ila usizitegemee, mnapatana kabla ya kufunga mlango. Uber na inDrive zinafanya kazi na zinaondoa mabishano, ila andika jina la mahali kwa herufi za Kiarabu, maana kwa Kilatini jina moja lina tahajia nne. Ya tatu ni mikrobasi, ambayo pale inaitwa mashruu. Zinakwenda na kurudi kwenye barabara ya ufukweni, Corniche. Simama upande wa mwelekeo wako, taja unakokwenda, lipa kwa kupitisha hela mkono kwa mkono hadi kwa dereva. Kushuka unasema "ala gamb ya osta". Kuweni na noti ndogondogo.

Tramu ya Raml ina historia tangu 1863, lakini iko kwenye ukarabati mkubwa, na reli ya zamani ya Abu Qir inageuzwa kuwa metro. Vitabu vya utalii vya miaka ya nyuma vitakwambia upande vyote viwili. Usiviweke kwenye hesabu.

Uwanja wa ndege wa Borg el Arab uko kusini magharibi, kilomita 40 na ushee toka katikati. Anayetua pale usiku apange gari mapema.

#4 Mtembezi_Tanga

Asante sana mkuu. Hiyo ya ٥ na ٦ ingetuumiza. Sasa Jumatano nani anaibomoa?

#5 Binti_Bahari

Naibomoa mimi. Umeorodhesha sehemu 6, na vivutio vingi vya kale hufungwa saa 10 au 11 jioni, tiketi zikikoma kuuzwa kabla ya hapo. Ukifika saa 5 asubuhi kwa treni, una saa 5 za kazi. Montaza iondoe kabisa siku hiyo. Iko mwisho wa mashariki wa mji, zaidi ya km 15 toka Qaitbay, na kasri lenyewe huingii ndani. Unatembea bustanini na kuona bahari, basi. Ni pazuri kwa wenye muda.

Aleksandria ni mji mrefu na mwembamba, bahari kaskazini, ziwa Mariout kusini. Ukipanga kwa umaarufu wa mahali utakuwa unakwenda mashariki, unarudi magharibi, unakwenda tena mashariki. Panga kwa mtaa.

Kundi la kwanza ni Karmouz, kusini magharibi mwa Mahattat Misr. Kom el Shoqafa na Nguzo ya Pompey zimetengana kama dakika 10 kwa miguu. Anza na makaburi.

Haya makaburi ni ya karne ya 2 BK, na yaligunduliwa 1900 punda alipotumbukia kwenye shimo. Unashuka kwa ngazi za mzunguko, 99, zinazozunguka kisima ambacho ndicho kilichotumika kushushia maiti kwa kamba. Chini kuna chumba cha duara, na pembeni yake ukumbi wenye vibaraza vitatu vilivyochongwa kwenye mwamba, ambako ndugu wa marehemu walikaa kula siku za kumbukumbu. Vyungu walivivunja na kuviacha, ndiyo maana mahali pakaitwa kilima cha vigae.

Msiishie hapo kama makundi mengi yanavyofanya. Teremkeni hadi kaburi kuu na msimame mlangoni dakika 10 mkiwa na tochi ya simu. Juu kuna jua lenye mabawa la Kimisri. Kushoto na kulia kuna nyoka wenye ndevu waliovaa taji mbili za mafarao, na juu yao ngao zenye kichwa cha Medusa wa Wagiriki. Ukivuka mlango, geuka nyuma: Anubis, mwenye kichwa cha mbweha, amevaa deraya ya askari wa Kirumi. Ukutani mbele yako Anubis mwingine anahudumia maiti juu ya kitanda cha simba, na chini ya kitanda kuna mitungi mitatu ya viungo vya ndani, wakati desturi ilikuwa minne. Fundi alikuwa anachonga dini ambayo hakuwa anaijua kwa undani, au mteja hakujali. Dini tatu kwenye ukuta mmoja! Hakuna sehemu nyingine mjini inayoeleza Aleksandria ya kale kwa ufupi hivyo.

Ghorofa ya chini kabisa ilikuwa ikizama kwenye maji ya ardhini. Mradi wa kushusha maji ulikamilika 2019, lakini unyevu upo na sakafu huteleza. Vaeni viatu vyenye soli ya kushika.

Mwenye magoti: lifti hakuna. 99 kushuka na 99 kupanda, na ngazi zimelika katikati. Akibaki juu, uwanjani kuna kaburi la Tigrane, lililohamishiwa pale na kujengwa upya, lenye michoro ya rangi. Si hasara.

Nguzo ya Pompey haina uhusiano na Pompey. Iliwekwa kwa heshima ya mfalme Diocletian, mwishoni mwa karne ya 3 au mwanzoni mwa ya 4. Ni itale nyekundu ya Aswan, karibu m 27 na kitako chake, na shina ni jiwe moja. Hekalu la Serapis lililokuwa pale lilivunjwa mwaka 391. Wengi hupiga picha na kuondoka ndani ya dakika 8. Shukeni kwenye mapango yaliyo chini ya kilima, tiketi ni ileile.

#6 JiweLaKusagia

Dada yuko sahihi, ila kwa mwenye saa 5 tu Nguzo inarukika. Ni nguzo.

#7 Binti_Bahari

Hairukiki ikiwa uko dakika 10 kutoka nayo. Endelea kusaga.

Kundi la pili ni katikati ya mji. Kom el Dikka iko mbele tu ya Mahattat Misr: ukumbi mdogo wa Kirumi wenye safu 13 za viti vya marumaru, na nyuma yake mfululizo wa vyumba vya mihadhara vyenye vibaraza vya mawe, ambavyo wachimbaji wa Poland wamevifukua tangu miaka ya 1960. Kwangu mimi vyumba hivyo ndivyo nondo kuliko ukumbi wenyewe: ni chuo, unaona hata alipokaa mwalimu. Villa ya Ndege, yenye sakafu za vijiwe vya rangi, ina tiketi yake ya ziada. Nunueni mlangoni, maana mkifika ndani bila tiketi mtarudishwa.

Makumbusho ya Kigiriki na Kirumi yapo dakika 10 hivi kwa miguu. Yalifungwa 2005, yakafunguliwa tena Oktoba 2023. Ile sanamu nyeusi ya fahali Apis iliyotolewa eneo la Nguzo imo humo, kwa hiyo kuona Nguzo kwanza kuna maana. Tengeni saa 2.

Kundi la tatu ni bandari ya mashariki: Qaitbay upande mmoja, Maktaba upande wa pili, katikati Corniche ya kama km 4.

#8 Lamu_Kaskazini

Naongezea Qaitbay. Ngome ilijengwa na Sultani Qaitbay kuanzia 1477, palepale ulipokuwa mnara wa taa wa Pharos, ule wa maajabu 7. Mnara ulijengwa karne ya 3 kabla ya Kristo na ulizidi m 100. Matetemeko ya ardhi yaliumaliza, lile la 1303 likiwa baya sana. Ibn Battuta, huyuhuyu aliyefika Mombasa na Kilwa 1331, aliupitia 1326 akakuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi 1349 hata kuingia ndani hakukuwezekana.

Kwa hiyo msitafute mabaki ya mnara kwa macho pale juu. Yapo chini ya maji mbele ya ngome, mawe makubwa ambayo wapiga mbizi wamekuwa wakiyaorodhesha tangu miaka ya 1990. Kilichobaki nchi kavu ni nguzo chache za itale nyekundu zilizochomekwa kwenye kuta.

Nendeni asubuhi mara inapofunguliwa saa 3, au siku isiyo ya mapumziko. Ijumaa na Jumamosi familia za wenyeji hujaa, na ngazi za ndani ni nyembamba. Juu upepo ni mkali, kofia zishikwe.

Tahadhari: magharibi ya hapo, Ras el Tin, ni kasri na kambi ya jeshi la wanamaji. Kamera isielekezwe huko. Droni msije nayo Misri kabisa, itachukuliwa uwanja wa ndege.

Kutoka ngomeni, dakika 15 kwa miguu, kuna uwanja wa misikiti. Mkubwa ni wa Abu al-Abbas al-Mursi, mzaliwa wa Murcia, Uhispania, mwanafunzi wa Imam Shadhili, karne ya 13. Jengo la sasa lakini ni la karne ya 20, la msanifu wa Kiitaliano Mario Rossi. Kwa watu wa Ngazija na Kilwa, ambako twarika ya Shadhiliya ina mizizi, hapa ni pa kufika. Na mbele yake, uwanja huohuo, ni msikiti wa Imam Busiri, mwenyewe wa Burda na Hamziya, zile kasida za kumsifu Mtume. Watalii wengi hupita bila kujua. Wanawake wana mlango wao, mtandio uwe kwenye mkoba. Muda mzuri ni kati ya swala na swala.

#9 Mtembezi_Tanga

Sheikh umenipa sababu ya kwenda upande ule, shukrani. Maktaba je? Ndiyo ile iliyoungua?

#10 Binti_Bahari

Hapana. Jengo ni jipya, lilizinduliwa Oktoba 2002, liko jirani na ilikodhaniwa kuwa ile ya kale. Ya kale haina hata jiwe la kuonesha. Hii ni duara lililoinama kuelekea baharini, kipenyo cha m 160, na ukuta wa nje wa itale umechongwa herufi za maandishi ya lugha chungu nzima duniani. Ukumbi wa kusomea una nafasi za watu 2,000 kwenye ngazi zinazoshuka.

Tiketi ya kuingia ni moja. Makumbusho ya mambo ya kale yaliyo ndani, ya miswada, na jumba la sayari kila moja lina yake. Mabegi yanaachwa nje kwenye chumba cha kuhifadhia. Ijumaa ndiyo siku yenye saa tofauti kabisa, isiwe siku yenu ya Maktaba.

#11 KondaktaMstaafu

Malipo, kabla sijasahau. Kwenye vivutio vingi vya serikali mgeni halipi taslimu, ni kadi ya benki tu. Pesa za simu za huku kwetu hazifanyi kazi. Beba kadi mbili za benki tofauti, na kabla ya kusafiri ruhusu kadi itumike nje ya nchi. Kadi ikigoma dirishani hakuna njia ya mkato, utabaki unaangalia Nguzo kwa nje. Mwanafunzi mwenye kitambulisho halali hulipa nusu. Bei hupandishwa mara kwa mara, angalieni tovuti ya wizara wiki ya safari, si picha ya mtu ya mwaka juzi.

Saa: Misri hurudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba. Novemba mtakuwa nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 1. Kiangazi ni sawasawa na sisi. Simu isiyojirekebisha imeshawakosesha watu treni.

#12 MamaWaPilau

Mbona hakuna aliyetaja chakula? Bahary na Anfushi, karibu na Qaitbay, ndiko kwenye samaki. Utaratibu: unachagua samaki mbichi kwenye barafu, anapimwa, unalipa kwa kilo pamoja na kupikwa. Mitego iko mitatu. Kwanza mizani isome sifuri kabla samaki hajawekwa. Pili bei ya kilo itajwe na iandikwe kabla hajapasuliwa. Tatu saladi, tahini na mkate huletwa bila kuombwa na huhesabiwa kwa kichwa, kama hamtaki rudisheni zikiwa hazijaguswa.

Kwa mtu mmoja nusu kilo ya samaki mzima inatosha na wali wa sayadiya. Mkizi, wao wanaita buri, mwombe "mashwi bi radda": anapakwa pumba za ngano na kuchomwa na magamba yake, pumba zinaungua ganda linabaki jeusi, unalibandua, nyama ndani ina maji yake. Usimkimbie kwa weusi wake. Singari ni samaki aliyepasuliwa mgongoni na kuokwa na nyanya, vitunguu na pilipili hoho. Kamba na ngisi ndiko hela inakokwenda.

Asubuhi ful na falafel, usiku maini ya Kialeksandria yenye pilipili kwenye mkate. Watu wanne mtashiba bila kulia.

#13 Mtembezi_Tanga

Mama umeua. Sasa turudi Alhamisi. Rashid au Alamein?

#14 JiweLaKusagia

Alamein. Historia ya dunia iliamuliwa pale, Vita ya Pili ya Dunia, Oktoba na Novemba 1942.

#15 Lamu_Kaskazini

Rashid. Mji wenye watu, mto, na nyumba za karne ya 18. Alamein ni makaburi na barabara kuu.

#16 KondaktaMstaafu

Msigombane, ni suala la usafiri na idadi yenu.

Rashid inawezekana kwa gari za abiria. Mikrobasi zinatoka kituo kikuu cha mabasi cha Moharram Bek, wenyewe wanakiita Mawqaf el Gedid. Saa 1 hadi 1 na nusu. Zinaondoka zikijaa, hivyo asubuhi saa 1 hadi 3 hamkai sana, adhuhuri mnaweza kukaa hadi mchoke. Kurudi, ondokeni Rashid kabla ya saa 10. Baada ya hapo gari zipo ila chache, na giza linawakuta njiani.

Alamein kwa gari za abiria ni mateso. Kwenda si tatizo, basi la Marsa Matruh litakushusha barabarani. Shida ni tatu: makaburi na makumbusho vimesambaa, lile la Wajerumani ni kilomita chache magharibi ya mji na la Waitaliano mbele zaidi, hakuna kivuli, na magari ya kurudi yanatoka Matruh yakiwa yamejaa, hayasimami. Alamein kodi gari la siku nzima. Kwa watu wanne gharama inagawanyika vizuri.

Kukodi gari kuna namna yake. Andikeni kwa Kiarabu kwenye simu, kwa programu ya kutafsiri, na dereva asome mbele yenu: orodha ya vituo vyote kwa mpangilio, saa ya kuondoka na ya kurudi, muda wa kusubiri, na kwamba bei inajumuisha mafuta, ushuru wa barabara na maegesho. Kila kitu kisichoandikwa kitaongezwa jioni. Lipeni theluthi asubuhi, iliyobaki mkirudi.

#17 JiweLaKusagia

Kwa watakaokwenda Alamein, haya ndiyo ya kuelewa. Kwa nini pale? Kusini kuna bonde la Qattara, linalofika m 133 chini ya usawa wa bahari, mchanga laini na chumvi, kifaru hakipiti. Kati ya bonde na bahari kuna upenyo wa kama km 60 tu. Kila mahali kwingine jangwani jeshi liliweza kuzungukwa kwa kusini, pale halikuweza. Ukisimama makaburini ukaangalia kusini, picha inakuja.

Makaburi ya Jumuiya ya Madola yana waliozikwa zaidi ya 7,000, 815 kati yao bila majina. Daftari la majina liko langoni. Ya Wajerumani ni jengo la pembe nane kama ngome, la 1959. Ya Waitaliano ni mnara mweupe unaotazama bahari. Makumbusho ya kijeshi yana vifaru nje. Tengeni saa 4 kwa vyote, maji lita 2 kwa mtu.

Na jambo la kutofanyiwa mzaha: mabomu ya kutegwa ardhini ya vita ile bado yapo jangwani. Msitoke kwenye lami na njia zilizozoeleka hata kwa kukojoa. Uzio wenye kibao si pambo.

#18 Lamu_Kaskazini

Na Rashid kwa mwenye kuchagua Rashid:

Mkishuka, kodini tuktuk kwanza hadi ngomeni, km 7 kaskazini ya mji, na mpatane akae awasubiri, maana kule hakuna pa kupata nyingine. Ni ngome ya Qaitbay huyohuyo. Wafaransa waliiita Fort Julien, na Julai 1799 askari wao wakikarabati ukuta walikuta jiwe jeusi lenye maandishi ya aina tatu, tangazo la mwaka 196 kabla ya Kristo. Ndilo lililofungua usomaji wa maandishi ya mafarao. Jiwe lenyewe liko London tangu 1802, pale mtaona nakala. Angalieni kuta: mawe ya mahekalu ya kale yalitumika kama matofali tu.

Kisha rudini mjini kwa nyumba. Zimebaki 22 za enzi za Waosmani. Matofali yamepangwa mekundu na meusi, yakitenganishwa na mistari myeupe ya chokaa. Chini ni ghala na birika la maji, katikati wageni wanaume, juu familia, na madirisha ya mashrabiya ya mbao iliyotoboleka ili wanawake waone mtaa bila kuonekana. Nyumba ya Amasyali na kinu cha Abu Shahin vimeungana. Kinu kiliendeshwa na farasi, meno ya magurudumu ni ya mbao na bado yapo. Nyumba ya Arab Killi ndiyo makumbusho, anzieni pale na muulize tiketi ya pamoja. Baadhi ya nyumba hufungwa na mlinzi ana ufunguo, kwa hiyo muombeni mkata tiketi dirishani awapigie simu mlinzi wa nyumba inayofuata, msibahatishe.

Ijumaa msiende.

#19 MamaWaPilau

Na vaeni kwa heshima Rashid, ni mji mdogo. Si lazima ushungi nje ya msikiti, ila mikono na magoti yafunikwe mtapata ukarimu tofauti. Samaki wa kutia chumvi wa pale, fesikh, tumbo lisilozoea liachane naye, akiandaliwa vibaya ni sumu.

#20 Binti_Bahari

Ijumaa ya Abu Mena nina la kusema. Kama mtakuwa na gari, unganisheni na Abusir, Taposiris Magna ya kale, kando ya ziwa Mariout karibu na barabara ya Alamein. Pale kuna hekalu la Osiris lenye kuta bado zimesimama, na juu ya kilima jirani mnara mdogo wa enzi za akina Ptolemy: chini mraba, katikati pembe nane, juu duara. Huo ndio muundo wa Pharos kwa umbo dogo. Aliyesikitika Qaitbay kwa kukosa mnara, huu ndio wa kuuona.

Abu Mena yenyewe, mji wa mahujaji wa Kikristo wa zamani, iko kama km 45 kusini magharibi. UNESCO iliuorodhesha 1979, ukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2001 kwa sababu maji ya umwagiliaji yalilainisha udongo wa mfinyanzi chini ya majengo, na ukatolewa kwenye orodha hiyo Julai 2025. Tegemeeni misingi ya kuta na nguzo zilizolala, si makanisa yaliyosimama. Monasteri mpya ya Mar Mina iko jirani, mahujaji ni wengi Ijumaa. Sikukuu ya Mar Mina ni 24 Novemba, na siku za karibu nayo msongamano wa mabasi ni mkubwa.

#21 KondaktaMstaafu

Na hali ya hewa. Wenyeji wana kalenda ya dhoruba za baridi, kila moja na jina lake, wanaziita nawwa. Ya Novemba katikati ni el Maknasa, mvua ya siku kadhaa na upepo. Mawimbi huruka hadi Corniche, njia za chini ya madaraja hujaa maji, teksi hupandisha bei. Ikiwakuta, siku hiyo iwe ya makumbusho na Maktaba, Rashid isogezwe. Makoti ya mvua, mwavuli utageuzwa dakika ya kwanza.

Wanaopanga kwenda Julai na Agosti kuogelea: bendera nyekundu ni nyekundu. Ufukwe wa Nakheel, Agami, umezamisha watu wengi kwa mikondo yake.

#22 Mtembezi_Tanga

Wakuu, nimekaa na wenzangu. Ratiba mpya:

Jumatano: treni ya asubuhi mapema, mabegi hotelini, teksi hadi Kom el Shoqafa (mwenye magoti anabaki na Tigrane), Nguzo, Kom el Dikka, chakula, makumbusho hadi kufunga.
Alhamisi: Rashid kwa mikrobasi saa 1 asubuhi, kurudi kabla ya saa 10, jioni samaki Anfushi.
Ijumaa: Qaitbay saa 3, misikiti, Corniche hadi Maktaba, treni.
Alamein, Abusir na Abu Mena tunaziacha.

#23 JiweLaKusagia

Imekaa vizuri kuliko ya kwanza, ila Ijumaa mmeweka Maktaba, na dada alishasema. Pia Ijumaa Qaitbay ni nyomi. Geuzeni: Maktaba iwe Alhamisi jioni mkirudi Rashid, kama bado iko wazi, samaki baada ya hapo. Ijumaa mwe mlangoni Qaitbay kabla hawajafungua, mtoke saa 4, misikiti kabla ya watu kuanza kukusanyika, maana adhana ya Ijumaa Novemba ni kabla kidogo ya saa 6 mchana.

#24 KondaktaMstaafu

Na treni ya kurudi pandieni Mahattat Misr, siyo Sidi Gaber, hata mkiwa mmefika upande ule. Inaanzia hapo ikiwa tupu, mnapata pa kuweka mabegi na muda wa kutafuta behewa taratibu. Sidi Gaber inasimama dakika chache tu.

#25 Mtembezi_Tanga

Nimebadilisha. Mabegi tutayaacha wapi Ijumaa toka saa 3 hadi muda wa treni?

#26 MamaWaPilau

Hotelini, mapokezi. Mwambieni usiku wa Alhamisi, siyo asubuhi, na mpige picha mabegi yakiwa yamefungwa.